Moshi wa jikoni nao uwe na mstari wake katika mpango wa hali ya hewa wa Kongo

Wasomaji na wasikilizaji wetu, mlio mjini na mlio bado ugenini kwa sababu ya vita, leo naomba tuongee juu ya moshi. Si ule wa Nyiragongo, ule tumeuzoea. Nasema moshi wa kuni na wa makala, wa takataka zinazochomwa kando ya njia, na wa malori ya zamani yanayopanda kutoka Sake kwenda Masisi yakiacha wingu jeusi nyuma.

Kila mara viongozi wetu wanapokwenda kwenye mikutano mikubwa ya hali ya hewa, wanabeba msitu. Ni haki yao. Oktoba 2022, Kinshasa ilipokea mkutano wa kutayarisha COP27, na Kongo ikajiita tena nchi yenye suluhisho. Mwaka mmoja mbele ya hapo, kule Glasgow, ilikuwa imetia sahihi mapatano ya kuahidiwa dolari milioni 500 kwa ajili ya kulinda misitu. Tunajua pia kwamba udongo wa mabwawa ya Bonde la Kati, upande wetu na upande wa Brazzaville, unashika karibu tani bilioni 30 za kaboni. Wanasayansi waliitangaza hesabu hiyo mwaka 2017. Yote hayo ni mazuri. Lakini mimi naona msitu umehesabiwa mti kwa mti, na jiko la mama wa Kanyaruchinya halijahesabiwa.

Mtu ataniambia majiko yanatajwa miaka mingi katika karatasi za serikali. Ni kweli, yanatajwa. Mara nyingi yanatajwa kama njia ya kuokoa miti: jiko moja bora, magunia fulani ya makala hayatumiki, hekta fulani zinabaki. Moshi wenyewe, ule unaoingia machoni na kifuani, unapita kando ya hesabu.

Tueleze kidogo, maana jambo hili lina sayansi yake. Gazi ya kaboni, ile ya motokari na viwanda, ikitoka leo sehemu yake kubwa inabaki hewani kwa miaka mamia. Kuna uchafu mwingine ambao haukai. Masizi, yale meusi yanayoganda chini ya sufuria, yanakaa hewani siku chache au wiki chache tu. Methani, gazi inayotoka kwenye majalala, kwenye ng'ombe na kwenye mabwawa, inakaa miaka kama 12. Lakini muda huo mfupi inafanya kazi mbaya: kwa miaka 20, kilo moja ya methani inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya gazi ya kaboni. Katika kundi hilo wanaweka pia ozoni ya hewa ya chini, inayodhuru mimea shambani, na gazi za frigo na klimatizeri. Hizo za frigo, mapatano ya kuzipunguza yalifanyika hapa jirani, Kigali, mwaka 2016.

Maana yake ni nini kwa mtu wa Majengo au wa Minova? Ukipunguza gazi ya kaboni leo, wanaofaidika zaidi ni wajukuu. Ukipunguza masizi leo, mwezi ujao hewa ya mtaa wako imebadilika. Ni sehemu ya siasa ya hali ya hewa ambayo mzazi anaweza kuona matunda yake kabla mtoto hajafika darasa la pili.

Na hasara tunaijua. Katika Kongo, wachini ya watu 5 kwa 100 ndio wanaopika kwa njia safi, yaani gazi ya chupa au umeme. Wengine wote ni kuni na makala. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilihesabu kwamba moshi wa nyumbani uliua watu kama milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kwamba unakaribia kuongeza mara mbili hatari ya mtoto mdogo kushikwa na nimonia. Mama anayepika maharagi saa tatu, mtoto mgongoni, anavuta moshi ule mara mbili, kwa pua yake na kwa pua ya mtoto.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya makala, maana wengi mjini wanasema: sisi hatuna shida, makala hayana moshi. Makala hayana moshi mwingi kwako kwa sababu moshi wake ulibaki kule yalikochomwa. Kupata kilo moja ya makala kwa tanuru ya udongo unachoma kilo 5 mpaka 8 za mti, wakati mwingine zaidi. Mti ule unaungua bila hewa ya kutosha, na moto wa namna hiyo ndio unaotoa methani na gazi ya monoksidi. Kwa hiyo gunia linapofika Goma juu ya chukudu, kazi yake kubwa ya kuchafua imekwisha kufanyika huko Rutshuru au Masisi, mara nyingi ndani ya Hifadhi ya Virunga. Na monoksidi tunaletewa kidogo nyumbani: anayelala na babula ndani ya chumba kilichofungwa anajua, au hakuamka kusema. Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa kwamba hewa isiyoonekana inaua. Mazuku tumeishi nayo tangu babu zetu.

Sasa tuje kwa wakimbizi wa ndani, maana kwao ndipo ninapoona mpango wa taifa umeacha shimo. Kwa miaka mingi kambi zimezunguka Goma: Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, Rusayo. Watu waligawiwa unga na maharagi, mara chache, na kuni za kupikia hawakugawiwa, au ziligawiwa siku moja. Mtu aliyepewa maharagi makavu bila moto amepewa nini? Alikwenda kukata kuni mbugani. Wamama na wasichana walikutana huko na watu wenye silaha. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walisema kwamba mwaka 2023 pekee walihudumia zaidi ya watu 25,000 waliobakwa au kutendewa ukatili wa namna hiyo katika Kongo, wengi wao kwenye kambi za Kivu Kaskazini, na wengi walishambuliwa wakitafuta kuni, maji au chakula. Kuni zile zilipikiwa ndani ya vibanda vya bashe ambamo mtu mzima hawezi hata kusimama.

Februari 2025 kambi hizo zilivunjwa, familia zikaambiwa zirudi zilikotoka. Wengine walikuta nyumba imebomolewa. Wengine walijibanza kwa ndugu mjini, familia mbili au tatu juu ya babula moja. Moshi haukupungua, ulihama. Na mpango wa hali ya hewa wa nchi, ule uliorekebishwa mwaka 2021 na kuahidi kupunguza uchafuzi kwa 21% kufikia 2030, umeandikwa kana kwamba kila Mkongo ana anwani. Mamilioni ya watu wa mashariki hawana. Msaada wa dharura unawaona kama matumbo ya kulishwa, na siasa ya mazingira inawaona kama mashoka yanayoingia mbugani. Mimi nasema wahesabiwe kama jiko. Kila anayegawa chakula kikavu agawe na njia ya kukipika, na serikali iweke jambo hilo kwa maandishi kama sehemu ya kazi ya hali ya hewa, ili fedha ya hali ya hewa iweze kulilipia.

Na jiko lenyewe liwe jiko. Jiko jepesi la bati linayumba mama anaposonga bugali. Baada ya wiki mbili linakuwa kiti cha kuku. Wanaochora miradi wakae kwanza jikoni.

Kuna wanaokataa kusikia habari hii kabisa. Wanasema: Wazungu na Wachina ndio wameharibu hewa, Kongo inachafua nini? Kuhusu mafuta na makaa ya mawe wana haki. Mkongo mmoja ni kati ya watu wanaotoa gazi hiyo kidogo kuliko wote duniani, na wenye deni walipe. Lakini habari ya masizi si habari ya kutafuta mwenye kosa. Ni mapafu yetu. Nikubali pia kwamba wanasayansi hawapimi masizi ya kuni kwa uzito mmoja: moshi wa kuni una chembe nyeusi zinazopasha joto na chembe nyingine zinazopoza, kwa hiyo faida yake kwa joto la dunia inabishaniwa kuliko ile ya methani. Faida kwa kifua cha mtoto haibishaniwi.

Wengine wanaogopa kwa ajili ya biashara, na hao nawasikiliza zaidi. Kijana wa chukudu, mama anayeuza makala kwa sashe, mkulima wa Lubero aliyepanda mikaratusi tangu mradi wa EcoMakala ulipoanza mwaka 2007, wote wanakula kwenye makala. Kuyakataza kwa amri ni kuwapa wenye vizuizi vya barabarani sababu mpya ya kutoza. Kila gunia linapita vizuizi, na vikundi vyenye silaha vimekula hapo miaka na miaka. Lazima njia nyingine iwe rahisi kwanza: chupa ya gazi isilemewe na ushuru kuliko gunia lililotoka mbugani, na tanuru za wale wanaochoma miti waliyoipanda wenyewe ziboreshwe.

Umeme tayari tunao kidogo. Kituo cha Matebe, megawati karibu 13, kilianza kazi mwishoni mwa 2015 kwa maji ya mto Rutshuru. Sufuria ya umeme yenye presha inaivisha maharagi kwa muda usiofika saa moja. Wengi walio na waya nyumbani wanatumia umeme kwa taa na simu, halafu wanapika na makala, kwa sababu sufuria ni fedha nyingi kwa mara moja. Hapo fedha ya hali ya hewa ingefaa zaidi kuliko semina moja tena hotelini.

Halafu kuna ziwa. Chini ya Kivu kuna methani kama kilometa za ujazo 60, mali ya nchi mbili. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unaitoa na kuifanya megawati 26. Upande wetu, bloku 3 za gazi zilitangazwa kwa wanunuzi mwaka 2022, na hata leo hakuna mama wa Goma anayepikia gazi ya ziwa. Kuitoa kunapunguza hatari ya ziwa kulipuka siku moja, mradi bomba zisivuje, maana methani inayovuja ni mbaya kuliko ile iliyochomwa. Ninapenda ziwa hilo liandikwe katika mpango wa hali ya hewa kama mali ya jikoni pia, lisibaki tu katika daftari la Wizara ya Hidrokaboni.

Najua swali linalofuata. Goma tangu mwisho wa Januari 2025 haiko chini ya Kinshasa. Siasa ya taifa itafikaje? Kwa sasa haifiki. Lakini mipango hii, kwa Mapatano ya Paris, inaandikwa upya kila miaka mitano, na kinachoachwa nje ya karatasi hakipati fedha hata siku barabara zitakapofunguliwa. Wabunge wa Kivu walio Kinshasa wanaweza kuuliza leo: masizi yamepimwa wapi, methani ya majalala yetu imehesabiwa na nani, na wakimbizi wa ndani wako kwenye ukurasa gani? Mashirika ya kiraia ya hapa yana majina ya familia zilizorudi na zilizobaki kwa ndugu. Yaanze kuandika kando ya kila jina wanapika na nini, na wapi. Mvua zikirudi, kuni zitakuwa mbichi, na wengi watafunga mlango wakipika.