Kinga na Kinga Ndipo Moto Uwakapo

Wahenga waliposema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walikusudia vijinga vya kuni. Hata hivyo, methali hiyo yaifaa pia kinga ya mwili, ambayo haitegemei ujumbe mmoja bali jumbe nyingi zinazosaidiana.

Vijidudu vya kifua kikuu vikiingia mapafuni humezwa na seli ziitwazo makrofaji. Mara nyingi seli hizo hushindwa kuviua peke yake. Limfositi za aina ya T huzipelekea ujumbe wa kikemikali uitwao interferoni gama, na makrofaji zenyewe hutoa protini iitwayo TNF. Jumbe hizi mbili zikikutana, huzitia makrofaji nguvu kuliko kila mmoja ukiwa peke yake. Ndipo seli za kinga huvizingira vijidudu kama boma, navyo vyaweza kulala humo miaka mingi bila kumdhuru mtu.

Lakini TNF hiyo hiyo, ikizidi katika viungo vya mgonjwa wa baridi yabisi, huchochea uvimbe unaokula gegedu na mifupa. Kwa hiyo dawa za kuizuia, kama infliximab, zilipokelewa kwa furaha mwishoni mwa miaka ya 1990, na ilistahili, kwani ziliwapunguzia wengi mateso. Mwaka 2001 ikachapishwa nchini Marekani taarifa ya wagonjwa 70 walioshikwa na kifua kikuu baada ya kutumia infliximab. Kwa 40 kati yao, ugonjwa ulikuwa umeenea nje ya mapafu. Boma lilikuwa limebomoka.

Jambo la kutafakari ni kwamba wagonjwa 64 kati ya hao walitoka katika nchi zenye kifua kikuu kidogo. Afrika Mashariki, ambako maradhi hayo bado yameenea, haina budi kujihadhari zaidi. Kila mgonjwa apimwe kifua kikuu kilicholala kabla ya sindano ya kwanza, na akionekana nacho apewe kwanza dawa za kukizuia. Wapo watakaosema kwamba kipimo huongeza gharama na kumchelewesha mtu mwenye maumivu. Hoja hiyo ni nyepesi: majuma machache ya kungoja ni nafuu kuliko kifua kikuu kilichotapakaa mwilini.

Uvimbe si adui wakati wote. Kabla ya kuuzima moto, yafaa kwanza kuuliza moto huo unalinda nini.