Hapa Hakupigwi Picha: Nani Amesema?



Wiki jana nilishikwa mkono na soja ndani ya afisi moja ya serikali hapa Pwani, kisa picha. Si picha ya bunduki wala ya mkubwa fulani. Nilipiga picha ya bango la mkataba wa huduma, lile hubandikwa ukutani karibu na mlango likieleza huduma gani ni shilingi ngapi, inachukua siku ngapi na uje na karatasi gani. Nilikuwa nimempeleka khalati kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Safari ya nne hiyo. Dirishani ametajiwa bei moja, ukutani imeandikwa nyingine. Nikatoa simu.

"Wewe kijana, unapiga picha ya nini? Umetumwa na nani?"

Nikamuuliza, mzee, bango si limewekwa tulisome? Akasema kusoma sawa, kupiga picha marufuku. Imeandikwa wapi? Akanionyesha karatasi iliyochapishwa na kubandikwa kwa selotepu, haina muhuri, haina jina la aliyeiandika. Tukaingia kachumba nyuma ya ngazi, akaja mwenzake mwenye redio, na hapo mambo yakageuka. Huyu wa pili hakuuliza habari ya bango. Aliangalia kanzu, akaangalia kofia, kisha akasema: "Ustadh, hili jengo unalichunguza kwa nini?"

Wewe unayesoma, kama una jina kama langu, hilo swali unalijua. Mwenzako akipiga picha ndani ya afisi ya umma ni mtu asiyejua sheria za pale. Ukipiga wewe, unapeleleza. Na tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 polisi wanaweza kuiomba mahakama wakuzuilie siku nyingi huku wakiendelea kuchunguza. Majuma mawili kabla, ukumbi ule ule, alikuja mwanasiasa na vijana wake wa kamera, wakazunguka kila dirisha, video ikawekwa TikTok. Hakuna aliyeuliza jengo linachunguzwa kwa nini.

Nitawaambia ukweli: picha niliifuta. Khalati alikuwa mlangoni analia, anasema mwanangu wape wanachotaka twende zetu. Nikafungua simu mwenyewe, nikafuta mbele yao. Tangu siku ile limenikaa rohoni, na ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza tuwe waadilifu. Uoga wa yule soja una chanzo. Westgate ilivamiwa tarehe 21 Septemba 2013. Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakauawa. Likitokea la kutokea, soja wa mlangoni ndiye wa kwanza kufa, na akibaki hai ndiye wa kwanza kulaumiwa. Pia ni kweli kwamba ziko sehemu ambazo sheria imezifunga, kama kambi za jeshi na maeneo yaliyotangazwa kuwa ya ulinzi. Mahakamani kesi ikiendelea, hakimu ndiye mwenye kauli, usiinue simu bila ruhusa yake. Hayo hatubishani.

Lakini maeneo ya ulinzi hutangazwa kwa amri ya waziri. Hayatangazwi kwa selotepu. Katiba, Kifungu cha 24, inasema haki yako haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, na kwa kiasi cha haja tu. Kifungu cha 33 kinakupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sasa bei ya cheti, iliyobandikwa ukutani na serikali yenyewe, ni siri ya nani?

Afisi inaweza kuweka utaratibu ndani ya jengo lake, sikatai. Inaweza kukuomba uweke simu mfukoni, na ukikataa ikuombe utoke. Kukushika mkono, kukufungia chumbani na kukulazimisha ufute si utaratibu tena. Simu ni mali yako, na Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako, ukiwemo usipekuliwe wala mali yako isichukuliwe ovyo. Namba ya siri ya simu si tikiti ya kutokea mlangoni.

Tena usifikiri kusema "ni mambo ya usalama" kunamaliza mjadala. Desemba 2014 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama, na ndani yake mlikuwa na vifungu vya kubana uchapishaji wa picha na habari za mashambulizi. Tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane vya sheria ile, vya picha vikiwemo. Mwaka uliofuata, Aprili 2016, ikafuta pia Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kile kilichokuwa kikiwashtaki watu kwa walichoandika mitandaoni, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno. Yaani mahakama zetu zimeshawahi kuiambia serikali: taja kwa usahihi unachokataza, na utuonyeshe sababu.

Lakini na sisi tuna makosa yetu. Kuna kijana aliyerusha video kutoka wodi ya hospitali ya umma, wagonjwa wawili kitanda kimoja. Aibu ile ilistahili kuonekana. Lakini alionyesha na sura za wale kina mama, mmoja nguo imemteremka. Alikuwa amekasirika, namuelewa. Ila mama yule hakukubali kuonekana na kaunti nzima akiwa hali ile, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa nyeti. Elekeza kamera kwenye kitanda, kwenye dirisha la dawa lililofungwa, kwenye saa ya ukutani. Mgonjwa msitiri. Hata karani wa kawaida, kama neno lako ni juu ya foleni, piga foleni kwa mgongo.

Na ukishikwa je? Kwanza tulia. Usimsukume soja, usimtukane, maana hapo kosa la picha ambalo halipo litazaa kosa la shambulio ambalo lipo. Uliza kwa adabu na kwa sauti ya kusikika na wengine: "Ni sheria gani, na wewe ni nani?" Soja wa kampuni si polisi. Wakikupeleka kituoni, omba uandikiwe kwenye OB na upewe namba. Kifungu cha 49 kinasema uambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, una haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili, na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, ila kama zimeishia siku isiyo ya kazi. Afisa akikudhulumu, IPOA ipo kwa ajili hiyo. Na mwambie mtu wa nyumbani uliko kabla hujaingia chumba chochote. Mimi hilo sikulifanya. Khalati ndiye aliyekuwa shahidi wangu, na wakati ule angekubali lolote ili tuachiliwe.

Iko njia nyingine ambayo vijana wengi hatuitumii. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu uandike ombi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kulipia ombi lenyewe wala kueleza unaitakia nini habari hiyo. Wana siku 21 za kukujibu, na kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakinyamaza, unakwenda kwa Ombudsman.

Jumatatu nilirudi pale pale. Barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kwa mkono: nipeni nakala ya mkataba wenu wa huduma, bei halali ya cheti, na sheria inayokataza kupiga picha ukumbini. Karani aliisoma mara mbili, akauliza kama mimi ni wakili. Nikamwambia hapana, ni mjomba wa mtoto. Akaita mkubwa wake, wakanong'onezana, mwishowe nakala yangu ikapigwa muhuri wa tarehe. Yule soja wa redio alikuwa mlangoni, nikamsalimia, akaitikia.

Leo ni siku ya nne. Bango bado liko ukutani, karatasi ya selotepu imeondolewa, sijui na nani. Khalati amesema siku ya kufuata jibu tunakwenda wote, na simu atashika yeye.