Mtihani Si Mizani



Baada ya sala ya Ijumaa moja alitujia mzee wa msikiti wetu kwa jambo la binti yake. Binti alikuwa amemaliza darasa la saba, na jina lake halikuwamo miongoni mwa waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Mzee alikwishakata shauri: binti apelekwe mjini kufanya kazi za ndani. Tulipomsihi asubiri alitujibu: "Sheikh, mtihani ni mmoja nchi nzima. Tajiri na maskini wanapimwa sawa. Mizani imeshasema, mimi ni nani niipinge?"

Hatukumjibu siku ile. Hoja yake tuliipeleka madrasa, tukawapa wanafunzi wa darasa la juu waandike insha ya kuikosoa. Wengi waliandika kwamba mitihani ni migumu, na wengine kwamba wao wenyewe walionewa. Hayo ni malalamiko, hayavunji hoja. Mwenye kutaka kuivunja hutafuta nguzo iliyoisimamisha, na nguzo ya hoja hii ni neno moja tu: mizani.

Wanausuli wanalo jina la kosa hili, qiyas maal faariq, yaani kukilinganisha kitu na kingine ilhali kati yao ipo tofauti inayobatilisha ulinganisho huo. Mizani huupima mchele bila kuugeuza. Mtihani humgeuza anayepimwa, kwani mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa. Mwaka 2012 wanafunzi wa darasa la saba walijibu hata hisabati kwa kuchagua herufi, na mashine ikasahihisha. Aliyejua na aliyebahatisha wakatia alama ile ile. Mwaka huo huo waligundulika, katika kidato cha kwanza, wanafunzi waliofaulu darasa la saba ilhali hawajui kusoma wala kuandika.

Isitoshe, mawe ya mizani hii hubadilika. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitangazwa Februari 2013, na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata sifuri. Mwezi Mei serikali iliyafuta, yakapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka 2011, na maelfu waliokuwa wamefeli wakafaulu. Vijana wale wale, karatasi zile zile. Hatusemi ilikuwa dhuluma; twasema tu kwamba jiwe la kupimia mchele halibadilishwi uzito kwa kikao.

Binti mmoja wa madrasa aliongeza jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria: shuleni kwao walikaa mwaka mzima bila mwalimu wa hisabati, basi karatasi ilipokuja ilimpima mwalimu asiyekuwapo.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Pasipo mtihani nafasi zingegawanywa kwa kujuana, na binti wa mzee huyu, asiye na mjomba ofisini, angekuwa wa mwisho katika foleni. Tunachokataa ni kuifanya namba hiyo kuwa hukumu juu ya akili ya mtoto. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen alimuuliza atahukumu kwa nini. (Wanazuoni wa hadithi wameijadili isnadi yake, lakini wanausuli wengi wameipokea.) Huo nao ulikuwa mtihani, ila muulizaji alimjua muulizwa, na alimsikiliza mpaka mwisho.

Mzee tulimsomea insha ya yule binti. Alinyamaza muda mrefu. Wiki mbili baadaye alirudi kuuliza habari za Mtihani wa Maarifa, unaomfungulia aliye nje ya shule njia ya kuufikia mtihani wa kidato cha nne.

"Mtihani mwingine, sheikh?" alituuliza, akicheka kidogo.

Binti yuko nyumbani, anasoma jioni.