Mgonjwa wa Mandera asiachwe njiani

Mnamo Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya, miongoni mwazo Sheria ya Afya ya Msingi, iliyowapa wahamasishaji wa afya ya jamii nafasi rasmi katika mfumo wa matibabu. Watu hao wapatao laki moja kote nchini, ambao wengi wao walikuwa wakijitolea pasi na ujira, walipewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu itoke serikali kuu na nusu kaunti. Lilikuwa jambo la kupongezwa, nasi hatuna nia ya kulibeza.

Hata hivyo, yafaa tuulize sheria hiyo humfikisha wapi mgonjwa wa Mandera. Mhamasishaji humtembelea mama mjamzito huko Lafey au Takaba, akampima shinikizo la damu, akaona hatari na kumpa rufaa. Baada ya hapo mama huyo yu peke yake. Akihitaji daktari bingwa asiyepatikana mjini Mandera, safari ni ya Garissa au ya Nairobi, takriban kilomita 1,000, kwa barabara ambayo magaidi waliwaua abiria 28 wa basi mnamo Novemba 2014. Akifika, huenda hajui Kiswahili wala Kiingereza, hajui aanzie dirisha lipi, wala haelewi kwa nini ameambiwa arudi baada ya wiki tatu ilhali hana pa kulala. Kijana aliyemsindikiza ndiye hugeuzwa mkalimani, na mama gani ataeleza maradhi ya uzazi kupitia kinywa cha mwanawe?

Kuna pia suala la bima. Huduma za zahanati na vituo vya afya hugharimiwa na serikali, lakini katika hospitali za juu mgonjwa hutakiwa awe amelipa mchango wake kwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Mtu mzima hujiandikisha kwa kitambulisho, na ni hadi Februari 2025 ndipo Rais, akiwa Wajir, alipofuta msasa wa ziada ambao wakazi wa mpakani walipitishwa kwa miongo mingi ili wapewe hati hiyo. Kisha kuna maswali ya kukadiria mapato, yanayoulizwa mfugaji ambaye mwaka wa mvua ni tajiri na mwaka wa ukame hana kitu. Ngamia si mshahara.

Nchini Marekani, Dkt Harold Freeman, mpasuaji wa saratani, aliona wanawake maskini wa Harlem wakifika hospitalini wakiwa wamechelewa mno. Mwaka wa 1990 alianzisha mpango wa kuwaongoza wagonjwa hatua kwa hatua, na mwaka wa 2005 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kufadhili mipango ya aina hiyo. Harlem ni mtaa tu, na hospitali yake iko papo hapo.

Bunge la Kaunti ya Mandera halina budi kutunga sheria yake, yenye fungu lake la fedha, ya kuajiri waelekezi wa wagonjwa wanaojua Kisomali na Kiborana. Wawekwe katika hospitali ya rufaa ya Mandera na, kwa makubaliano na wahusika, Garissa na Nairobi. Watakaosema fedha hazipo wakumbuke gharama ya ambulensi inayombeba mgonjwa mamia ya kilomita, kisha akakwama mapokezini kwa kukosa karatasi moja.

Aidha, posho ya wahamasishaji isiachiwe hisani ya ofisa yeyote. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30. Wakazi wa Mandera wanayo haki ya kuyasoma na kuwauliza madiwani wao fungu hilo liko ukurasa gani.