Nimekula Katika Nyumba Iliyokuwa ya Ulevi

Wasomaji wetu wa Pwani, nisikilizeni kabla ya kunihukumu. Nimekula chakula cha usiku katika nyumba iliyokuwa baa, na nimekula nikashiba.

Ilikuwa London, upande wa mashariki, mwezi wa Novemba mwaka 2023. Mpwa wangu anafanya kazi huko, na usiku ule alitaka kunikirimu. Tulikwenda kwa miguu katika baridi ya kukata masikio hadi mbele ya jengo la matofali mekundu, na juu ya mlango pananing'inia ubao wenye picha ya paa mweupe mwenye pembe. Nikasita. Nalijua kwamba ubao wa namna ile ndio alama ya kilabu cha pombe Uingereza. Mfalme wao Richard wa Pili aliamrisha mwaka 1393 wenye kuuza pombe watundike alama nje, wakaguzi wapate kuzijua nyumba zao, na paa mweupe alikuwa nembo yake mwenyewe.

"Mjomba, ingia kwanza," alisema mpwa wangu.

"Mwanangu, wanitia wapi na uzee huu?"

Ndani tulipokewa kwa salamu ya Kiislamu. Mwenye mkahawa ni mtu wa Sylhet, huko Bangladesh, walikotoka wengi wa wenye mikahawa ya kihindi Uingereza. Kaunta ya zamani bado ipo, mbao nzito iliyong'arishwa, na matundu ya mifereji ya bia yamezibwa. Juu yake yamepangwa majagi ya maziwa ya mgando yaliyopigwa na embe, na birika za chai. Pombe hakuna hata tone. Tuliletewa kuku wa tanuri, dengu, mikate ya moto na biriani. Hiyo biriani, tuseme kweli, haikunikosha. Wao hupika wali na nyama pamoja, na sisi tuliozoea rojo lake mbali tunaona kama tumeibiwa kitu. Lakini kuku yule! Pembeni alikaa mzee wa Kiingereza peke yake, anachovya mkate katika dengu. Mwenye mkahawa alituambia kwamba mzee huyo alikuwa akija tangu nyumba ikiuza bia, na hajaacha kuja.

Nyumba kama hizi ni nyingi. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na vilabu kiasi cha 60,000. Kufikia mwaka 2023 vilikuwa vimebaki kiasi cha 45,000. Kodi zimepanda, bia ya dukani ni rahisi, sigara zilipigwa marufuku ndani mwaka 2007, na katika mitaa mingine majirani wapya hawanywi. Vilivyofungwa vimekuwa maduka, nyumba za kupanga, na vingine misikiti.

Sasa, ndugu zangu, kosa la matofali ni lipi? Katika madhehebu yetu ya Shafii tulifundishwa chuoni kwamba mvinyo ukigeuka wenyewe kuwa siki, pasipo kutiwa kitu, umetoharika, na mtungi wake hutoharika pamoja nao. Ikiwa mtungi ulionyonya mvinyo miaka na miaka husamehewa, mimi nitaukimbia ukuta? Wanazuoni watanisahihisha ikiwa nimepima vibaya.

Ila kuna nyumba za namna nyingine, na hizo ndizo za kuogopwa. Tangu mwaka 1991, ulipofunguliwa The Eagle mtaa wa Farringdon, vilabu vingi vya London vimejifunza kupika chakula kizuri bila ya kuacha pombe. Njia ya pili kutoka tulipokula niliona nyumba iliyoandika "halali" kiooni, na nyuma ya kioo watu wameshika bilauri za bia. Neno lile lamhusu mchinjaji tu. Halisemi kitu juu ya meza, na sisi tumekatazwa kuketi penye meza inayopitishwa ulevi, hata kama sahani yetu ni safi.

Wala nisiende mbali. Hapa kwetu Pwani hualikwa watu futari katika mahoteli ya ufukoni, na baa iko pale pale, imeteremshiwa pazia. Tunasikia chupa zikigongana huku tunamega sambusa, na hakuna aulizaye, maana mwenyeji ni mtu mkubwa na mwaliko ni wa heshima. Nami nimekaa mezani pale, zaidi ya mara moja. Mtu huyo huyo aliyerudi nyuma kwa kuona picha ya paa London, nyumbani hakuliona pazia.

Mpwa wangu alilipa, akanicheka njia nzima. Ramadhani ijayo nikipata mwaliko wa hotelini nitauliza kwanza, tena mbele za watu, nini kipo nyuma ya pazia. Nikijibiwa kwa mzunguko, tende na maji ya kwangu zinatosha.