Mlezi ni Nani Lokori?

Utafiti wa ulemavu nchini mwetu aghalabu huuliza: nani anamtunza mlemavu? Swali hili lina kasoro ya kisarufi kabla ya ile ya kisera. Mlemavu ni yambwa daima, hawi kiima.

Tuchukue Lokori, Turkana Mashariki, kandokando ya mto Kerio. Katika kaunti hiyo ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umepofusha watu kwa miaka mingi. Wanawake huathirika zaidi kwa kuwa huambukizwa na watoto wanaowalea. Hapa pana kinaya kichungu: malezi humpofusha mama, kisha karatasi zetu humwita mtu wa kulelewa. Ruzuku ya serikali kwa wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, hulenga anayehitaji kutunzwa muda wote. Kazi yake ya ulezi haimo hesabuni.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, waeleza waziwazi katika Ibara ya 23 kwamba wenye ulemavu wasaidiwe katika kulea watoto wao. Wasaidiwe kulea, si kunyang'anywa ulezi.

Basi mtafiti aendaye Lokori na amwulize mama mwenyewe, kwa Kiturkana, wala asimfanye mwanawe kuwa mkalimani. Mtoto hawezi kutafsiri malalamiko yanayomhusu yeye. Amwulize anavyomlinda atambaaye karibu na mafiga, anavyoitambua homa usiku, na ni kazi ipi angependa asaidiwe, ipi aachiwe.