Maneno ya mgonjwa yanukuliwe

Mgonjwa wa akili anayetibiwa akiwa kwao huhudumiwa na wengi: mhudumu wa afya ya jamii, muuguzi wa zahanati, daktari wa kaunti. Kinachowaunganisha ni faili. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nadai kwamba faili hiyo hupotoka pale mgonjwa anapofasiriwa kabla ya kunukuliwa.

Mathalani, mama asema, "Ninafikiria sana, nimechoka na dunia hii." Muuguzi aandika kwa Kiingereza kwamba ana huzuni. Huzuni tu! Maneno yale yaweza kuwa malalamiko ya kawaida. Yaweza pia kuwa buriani. Atakayepokea faili hataweza kupima hatari, maana neno lililostahili kuulizwa limekwisha kufutwa. Naye kijana aliyepiga meza mara moja huandikwa "mkali", na sifa hiyo humwandama miaka na miaka. Ilikuwa lini? Nani alishuhudia? Je, alikuwa ameacha dawa? Faili iko kimya.

London, Desemba 1992, mgonjwa Christopher Clunis alimuua Jonathan Zito katika kituo cha treni. Uchunguzi uliochapishwa 1994 ulionyesha kuwa habari za ukali wake wa awali zilipunguzwa uzito au hazikuwafikia waliompokea.

Kwetu, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kuadhibu jaribio la kujiua kunakiuka Katiba. Kisingizio cha kumsitiri mgonjwa na polisi kimepungua. Basi wahudumu wafunzwe kuandika maneno yenyewe, kwa lugha yenyewe, pamoja na tarehe na jina la aliyeyasikia. Tafsiri ifuate chini yake.